Mbegu ya Ruiru, Jaribio la Thika na Faili la LICENSE

Ujumbe uliingia jioni ya tarehe tano, saa ambayo kila mpangaji wa Makongeni, Thika, anajua simu ikilia ni deni. Ulikuwa na jina langu, nambari ya keja, yuniti za maji nilizotumia na jumla ya kulipa. Mwisho wake ulisema: "Tafadali lipa kabla ya tarehe kumi."

Tafadali, bila ile h. Nililitambua kosa hilo mara moja kwa sababu ni langu. Nililiandika miaka miwili kabla, nikiwa Ruiru, usiku wa manane, kwenye laptopu isiyokaa na chaji, na sikuwahi kulirekebisha. Programu iliyokuwa ikinidai pesa nilikuwa nimeitunga mimi mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Ploti nyingi za huku zina mita moja kubwa ya maji, kisha vimita vidogo vya kila nyumba. Mwisho wa mwezi keateka anazunguka na daftari, anasoma vimita, halafu anakaa chini kugawa bili. Hapo ndipo vita huanza. Wakala mmoja wa nyumba alitaka programu ya kumaliza hizo kelele: ingiza namba, gawa bili, tuma ujumbe. Nilikuwa nimeacha chuo na kodi inaningoja mlangoni, kwa hivyo aliposema elfu kumi na mbili sikuuliza kitu kingine. Hatukuandikiana chochote. Alinitumia doo kwa simu, nikamtumia msimbo, tukaachana vizuri.

Sasa nilikuwa nimehamia Thika, na kumbe wakala ni yuleyule, ana ploti hadi huku. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu kwa mkono. Yuniti zilikuwa sawa. Bei ya yuniti ilikuwa sawa. Jumla ilizidi kwa shilingi 150. Mtu alikuwa ameingia kwenye hesabu yangu akaongeza kitu ambacho ujumbe haukitaji popote.

Nikamwendea keateka. "Kijana, mimi nasoma tu mita," akaniambia. "Hizo zingine ni mashine inasema."

Nikampigia wakala, nikaomba anionyeshe vile hesabu inafanywa. Alicheka kwa upole. "Bosi, hiyo sistimu ni yetu. Si tulikulipa?"

Nilikata simu nikiwa na uhakika kwamba nimeibiwa. Halafu nikasoma sheria.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaweka programu ya kompyuta kwenye kapu moja na riwaya, insha na mashairi: zote ni kazi za fasihi. Ulinzi unaanza pale unapoandika, bila kungoja mhuri wa mtu, na unadumu maisha yako yote pamoja na miaka 50 baada ya kifo. Hiyo ilinifurahisha kwa kama dakika tatu. Kisha nikafika kifungu cha 31. Kinasema hakimiliki huanza kwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu, au imefanywa ndani ya ajira, inahesabika kuwa imehamia kwa aliyeiagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vingine. Sisi hatukuwa tumekubaliana vingine. Hatukuwa tumekubaliana kitu chochote. Wakala alisema ukweli mtupu: sistimu ni yao.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma historia ya leseni za programu, nikidhani ni historia ya Wamarekani wenye ndevu peke yao. Nikakuta swali lenyewe, yaani nani ana ruhusa ya kuzidisha na kubadilisha kitu ambacho watu wote wanakitumia, limeshapita hapahapa kwenye barabara ya Thika. Tena lilipita kwanza kama kahawa.

*

Mwaka 1922 ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulilipuka vibaya. Mti ungesimama na majani yake mazuri ya kijani huku matunda yakigeuka meusi kabla ya kukomaa. Dawa za kunyunyiza zilikuwa ghali, na mvua ikinyesha lazima urudie. Kwa hivyo mwaka 1971 watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walianza kutafuta aina inayoweza kustahimili, na mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11. Iliustahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani, na kwa kuwa miti yake ni mifupi, mwenye kashamba kadogo angeweza kupanda mingi.

Lakini Ruiru 11 ni chotara. Mbegu yake hutengenezwa kwa kuchavusha maua kwa mkono, mzazi huyu na mzazi yule. Ukichuma buni zako mwenyewe ukazipanda, watoto hawatafuata sifa za mama yao. Mkulima anayetaka miche zaidi lazima arudi kwa anayewashika wale wazazi, na kwa miaka mingi walioitaka mbegu walikuwa wengi kuliko mbegu yenyewe. Hapo hapakuwa na njama ya mtu, ni baiolojia tu. Ila matokeo yake ni kwamba mti uko shambani mwako na uwezo wa kuuzidisha uko kwa mwingine. Mwaka 2010 kituo hichohicho kilitoa Batian, aina ambayo mbegu yake inazaa mti kama wenyewe, na kwa hiyo miche yake ni rahisi kuzidisha.

Msimbo ndio mbegu ya programu. Ukipewa programu bila msimbo utaitumia, utaizoea, utajenga maisha juu yake, lakini huwezi kuizidisha wala kuirekebisha. Tofauti na kahawa ni kwamba hapa anayeamua si baiolojia. Ni karatasi. Karatasi hiyo inaitwa leseni, na aliyetunga programu ndiye anayeichagua, mradi hakimiliki bado iko mkononi mwake.

Thika inajua vizuri karatasi ya namna hiyo inaweza kufanya nini. Oktoba 2005, kikundi kidogo cha Vodafone kikishirikiana na Safaricom na shirika la mikopo midogo la Faulu kilianza jaribio la kutuma pesa kwa simu. Mawakala walikuwa wanane, wateja hawakuzidi kama 500, na maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa sehemu za Nairobi na mji wa Thika. Mpango ulikuwa watu walipe mikopo ya Faulu kwa simu, basi. Wateja wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kumtumia mtu pesa aliye mbali, kumlipia mwenzake, kuweka pesa upande mmoja na kuzitoa upande mwingine wa safari. Kampuni ilipozindua M-PESA nchi nzima Machi 2007, ilizindua kile ambacho wateja hao walikuwa wameifundisha: kutuma pesa nyumbani.

Mwenye nayo alikuwa nani? Vodafone, Uingereza. Fedha za kuanzia zilitoka Vodafone na kwenye mfuko wa misaada wa serikali ya Uingereza. Msimbo wa kwanza uliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge. Kwa miaka mingi Safaricom ililipa ada kwa Vodafone ili itumie huduma ambayo Wakenya tayari waliiita yao. Seva zilikaa Ujerumani hadi 2015. Ni Aprili 2020 tu ambapo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilikamilisha kuinunua M-PESA, jina na mfumo, kutoka kwa Vodafone. Hiyo ni miaka 13 baada ya uzinduzi.

Kila mtaa una toleo lake la hadithi ya mwanafunzi aliyebuni M-PESA akanyang'anywa. Utaisikia kwa kinyozi, utaisikia kwa mathree ya Githurai. Rekodi za umma hazimwonyeshi; zinaonyesha watu wa Vodafone kama Nick Hughes na Susie Lonie, na mikataba yao. Lakini naelewa kwa nini hadithi hiyo haifi. Inabeba kitu ambacho watu wanakijua kifuani: sisi tulijaribiwa nayo, sisi tuliipa kazi yake, karatasi ikabaki kwao. Na hata mwanafunzi huyo angekuwepo, hakimiliki isingemsaidia kwa wazo peke yake. Hakimiliki hailindi wazo. Inalinda kilichoandikwa.

*

Mmarekani mwenye ndevu naye anaingia hapa, na kisa chake hakiko mbali na changu. Richard Stallman alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo cha MIT. Walipewa printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Alitaka kuongeza mistari michache tu ya kuwatahadharisha watu kwamba karatasi imekwama. Alipomwendea mtu aliyekuwa na msimbo wake, akanyimwa, kwa sababu mtu huyo alikuwa ameahidi kutompa yeyote. Yaani ni yuleyule keateka wangu: mashine inasema.

Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Ujanja wake ulikuwa kuitumia hakimiliki kinyume na ilivyozoeleka. Sheria inampa mwenye kazi haki ya kuweka masharti, naye akaweka sharti hili: chukua, badilisha, hata uza ukitaka, lakini ukimpa mtu mwingine programu hii, mpe na msimbo wake na umwachie uhuru uleule niliokupa. Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991, leseni yake ya kwanza ilikataza watu kuiuza. Mwaka 1992 akahamia GPL. Leo kiini cha Linux kiko ndani ya kila simu ya Android, hata ile ya elfu saba inayouzwa stendi ya Thika.

Vyuo vikuu vya Marekani vilizaa pia ukoo mwingine wa leseni, ule wa BSD na MIT. Leseni ya MIT haifiki maneno 200. Kwa Kiswahili cha mtaani inasema: fanya unachotaka, hata ifunge uuze, ila acha jina langu pale na usinishtaki ikiharibika. Programu nyingi mno za intaneti zimesimama juu ya ukoo huu, kwa sababu hakuna kampuni inayoogopa kuugusa.

Kenya iliingia kwenye mazungumzo haya kupitia hospitali. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na watu wa Indiana, Marekani. Kisha dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zikaanza kupatikana, wagonjwa wakaongezeka haraka, na mfumo wa rekodi wa mpango wa AMPATH pale Eldoret ukaanza kulemewa. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich waliuona mzigo huo, na wao na wenzao wakaanza kujenga OpenMRS. Mwanzoni mwa 2006 ilikuwa inafanya kazi Eldoret, na mwaka huohuo ikafika Rwanda.

Leseni waliyoitumia waliitengeneza kwa kufuata ile ya Mozilla, na baadaye wakahamia Mozilla 2.0 yenyewe, na nyongeza ya tahadhari kuhusu matumizi ya hospitali. Leseni hiyo inakaa katikati. Ukibadilisha mafaili ya kiini na kuyasambaza, toa mabadiliko hayo kwa uhuru uleule. Lakini moduli mpya unayoiambatisha pembeni inaweza kubeba leseni yako mwenyewe. Kwa kutumia uhuru huo ikaja KenyaEMR, toleo lililotengenezwa kwa mahitaji ya Wizara ya Afya ya Kenya, likaenea kwenye mamia ya vituo vinavyotoa huduma za HIV. Ilipofika siku ya kuongeza fomu za Kenya, hakuna aliyelazimika kupiga simu Indiana kuomba ruhusa wala kulipa ada. Ukilinganisha na zile seva za Ujerumani, unaona karatasi inavyobadilisha mambo.

Halafu kuna Ushahidi. Vurugu zilipolipuka baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Ory Okolloh aliuliza kwenye blogu yake kama kuna watu wa teknolojia wanaoweza kuonyesha kwenye ramani mahali watu wanapoumizwa. David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman walikuwa kati ya walioitikia, na Januari 2008 ramani ikawa hewani. Baadaye wakaijenga upya kama programu ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua, chini ya leseni ya LGPL. Ikatumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, ikatumika Urusi kwenye mioto ya misitu mwaka huohuo, ikatumika Japani Machi 2011. Watu wa Tokyo hawakuhitaji kujuana na mtu Nairobi.

Toleo la tatu la Ushahidi lilitoka na leseni tofauti: AGPL. Hapo ndipo nilipoacha kusoma kama historia na kuanza kusoma kama mtu anayelipa maji.

GPL ya kawaida ina mwanya. Sharti la kutoa msimbo linaamka pale unapompa mtu nakala ya programu. Lakini siku hizi hatupewi nakala. Programu inakaa kwenye seva ya mwenyewe na sisi tunaifikia kwa simu. Mtu anaweza kuchukua programu huria, akaibadilisha atakavyo, akaitumia kutuhudumia au kutudai, na asimwonyeshe yeyote chochote, bila kuvunja sharti lolote. AGPL toleo la 3, ya mwaka 2007, iliandikwa kuziba mwanya huo. Inasema ukiibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, watu hao wana haki ya kupewa msimbo wa toleo ulilolibadilisha. Anayepewa haki si mtunzi mwingine pekee. Ni yule aliye upande wa pili wa skrini.

Kwa maneno mengine, mpangaji.

*

Ukichuja haya yote, leseni unaichagua kulingana na unachokiogopa. Kama unaogopa kazi yako isijulikane, chukua MIT, iende popote inapoenda. Kama unaogopa pia mambo ya hataza, yaani mtu akupe msimbo leo kisha akushtaki kesho kwa uvumbuzi uliomo ndani yake, Apache 2.0 ya mwaka 2004 imeshughulikia hilo. Kama unaogopa kiini kifungwe lakini unataka watu wajenge biashara pembeni, fuata njia ya Eldoret. Kama unaogopa mtu achukue kazi yako, aigeuze, kisha aitumie gizani dhidi ya watu walewale uliowaandikia, kuna GPL na AGPL.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu tunakosea. Kuweka msimbo GitHub bila leseni hakuufanyi kuwa huria. Mtu anaweza kuusoma, na kuufork ndani ya GitHub yenyewe, basi. Haki nyingine zote bado ni zako, na mwenye akili atauogopa. Na kabla ya leseni yoyote, ulizia kama kazi ni yako. Ukipewa oda, andika sentensi moja kabla ya kupokea pesa: kwamba hakimiliki inabaki kwako na mteja anapewa ruhusa ya kutumia, au kwamba kazi itatolewa kwa leseni fulani mliyokubaliana. Kifungu cha 31 kinaheshimu makubaliano. Kisichoweza kuheshimu ni kimya.

Sitakudanganya kwamba leseni inalipa kodi. Ukiacha ile ya kwanza ya Linux, hakuna leseni niliyoitaja inayokataza kuuza, lakini hakuna inayokuletea mnunuzi pia. Wateja wawili tangu hapo wamesikia neno AGPL wakaniambia watanipigia. Hawajapiga. Mmoja alisema wazi kwamba hataki wapangaji "wakiangalia ndani." Nilimwelewa. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nikikiuza.

Ile programu ya kwanza sikuigusa, maana si yangu. Niliandika nyingine kuanzia mstari wa kwanza, bila kunakili chochote, kwa muda wangu na bila oda ya mtu. Nilifanya badiliko moja lililotokana na kuisoma leseni: badala ya ujumbe mfupi peke yake, kila mpangaji anafungua ukurasa wake kwenye simu, anaona mita yake, mita kubwa, bei na hesabu yote. Hivyo naye ni mtumiaji, na haki ya msimbo inamfikia. Nikaweka faili la LICENSE lenye maandishi ya AGPL kwa Kiingereza kama yalivyo, maana hayo ndiyo yenye nguvu. Pembeni nikaandika nusu ukurasa wa Kiswahili kueleza maana yake.

Kwa sasa inatumika kwenye ploti moja Ruiru, nyumba kumi na moja. Mwezi uliopita mama mmoja wa nyumba namba nne alibishana na keateka kuhusu bili, keateka akafungua ukurasa, wakahesabu pamoja kwa kidole. Kumbe keateka alikuwa amesoma 8 kama 3. Walirekebisha, yule mama akalipa zaidi ya alivyodhani, na hakufurahi.

Makongeni bado inatumia ile ya zamani. Ujumbe uliingia tena juzi, tarehe tano, na tafadali yake. Nimelipa, pamoja na zile 150.